Jani la Mama Lililochemshwa Ubelgiji

Nyie mnaokaa pale kijiweni kwa fundi pikipiki, mmeniuliza mpaka nimechoka. Kila nikipita ni "Siriaki, tupe habari za Ulaya, umekunywa bia ngapi?" Nasimulia mara hii moja, na baada ya hapo asiniulize mtu. Mambo ya viza na tiketi sitayagusa, yale yana hasira zake peke yake na presha yangu mnaijua. Naanzia nyumbani, maana ugomvi wenyewe ulianzia nyumbani.

Chamazi

Mnajua mie napika bia. Siyo gongo, kama jirani yangu mmoja alivyopeleka umbea kwa mjumbe, bia. Napika ile ya Wabelgiji wanayoiita sezoni, kwenye ndoo kubwa chumba cha uani, kwa sababu ndiyo pekee kati ya bia zao inayopenda joto. Nyingine ukizichachusha kwenye joto letu la Chamazi zinatoka na harufu ya gundi ya viatu. Aliyenifundisha yote ni kaka yangu Deo, aliyeoa hukohuko Ubelgiji, na alinifundisha kwa simu, jioni baada ya jioni. Ndoto yangu ilikuwa nizionje zote kwao: nyeupe ya ngano, dubeli nyeusi, tripeli, na ile chachu ya lambiki ambayo haitiwi hamira kabisa. Likizo ilipotoka kazini Kurasini, nikafunga begi.

Asubuhi ya safari nikamkuta Mama kwenye uzio na kisu. Kwa msiotoka Kilimanjaro niwaeleze. Kule kwetu kuna mmea unaitwa isale, majani yake marefu kama upanga, na Mama ameuhamisha kutoka Rombo akaupanda hapa kuzunguka kiwanja chote. Mtu akimkosea mwenzake humpelekea jani moja la isale. Ukilipokea mkononi, umesamehe, yamekwisha, huna la kuongeza. Kulikataa ni kujitafutia laana, na hakuna Mchaga mwenye akili timamu anayethubutu.

Mama akakata jani moja, akalikunja ndani ya kitambaa chenye unyevu. "Mpelekee Deo," akasema.

Sikuhitaji kuuliza ni la nini, maana nilijua. Miaka ile Deo alipomleta mchumba wake Hilde nyumbani, mbege, pombe yetu ya ndizi, ilipikwa, ukoo ukajaa uani. Hilde akapewa kata ya mbege amkabidhi mama mkwe. Akaibeba kwa mikono miwili, akapiga goti vizuri kabisa, akamnyooshea. Mama akaitazama ile kata na hakuipokea. Binti wa watu alikaa pale kapiga goti mpaka shangazi mmoja akaja kumwondolea kata mikononi. Kesho yake Deo akaondoka na mchumba wake. Tangu hapo pesa za dawa anatuma, mie ananipigia, lakini mama yake mzazi hajawahi kumpa hata shikamoo.

"Mama, si umpigie tu?" nikasema.

"Siyo jambo la simu. Na usimwekee mezani. Umpe mkononi."

Basi nikabeba. Kumbe nimebeba balaa.

Uwanja wa katikati

Ndege ya kuunganisha ilituacha. Siyo sisi tulioikosa, nasema ilituacha, tukiwa tunaiona kwenye kioo. Tukatupwa kwenye ukumbi wenye baridi ya mochwari, tukapewa mkate wenye yai la baridi katikati na maji ya vikombe vidogo vya kunywea dawa. Nikauliza chai. Wakanionyesha mashine. Mashine ikameza kadi yangu, ikaitema, chai hakuna.

Pembeni yangu alikaa mzee wa Kikongo aliyekuwa anakwenda kwa binti yake, Kiswahili chake cha Bukavu kitamu. Nilipofungua kitambaa kulowesha jani lisikauke, akalitazama, akanitazama, akahama kiti. Baada ya muda akarudi taratibu.

"Ndugu, ile dawa ni ya magoti?"

"Si dawa, mzee wangu. Ni samahani ya mama yangu."

Akafikiri sana. "Unikatie kidogo," akasema, "mie na bibi yangu hatusemezani."

Nikamwambia halikatwi. Akanuna mpaka tulipopanda ndege, na mie nikanuna kwa sababu yake.

Stesheni

Deo alinipokea kwenye stesheni ya mji wao mdogo, saa kadhaa kutoka Brussels kwa treni ambayo nayo ilisimama katikati ya shamba la viazi bila mtu kueleza kisa. Alikuwa ameshika chupa mbili zilizofunguliwa, moja kila mkono. Tukakumbatiana kwa viwiko.

"Karibu, Siri. Anza na hii, nyeupe ya ngano."

"Braza, Mama amenituma."

Nikatoa kitambaa. Ncha ya jani ikachungulia. Deo akaiona, na uso wake nikaujua, ni ule ule wa utotoni akiitwa kunywa mafuta ya nyonyo. Chupa yangu hakuniachia mpaka niliporudisha kitambaa mfukoni. "Kunywa kwanza," akasema, "Mama tutamwongelea."

Nikanywa. Nitasema kweli, bia ile ni nzuri kupita kiasi. Ina ukungu kama maji ya mchele, ndani wametia mbegu za giligilani na maganda ya machungwa, vitu ambavyo sie tunavijua kwenye pilau na kwenye jalala. Nilinywa huku nimekasirika, na utamu ukanizidishia hasira.

Tangu siku hiyo Deo hakuonekana na mikono mitupu. Nawaapia. Asubuhi kashika kikombe na gazeti. Mchana usukani. Jioni glasi huku, glasi kule. Hata akitoka chooni anatoka ameshika taulo kwa mikono yote. Mtu mzima mwenye mvi analikimbia jani.

Abasia

Akaamua kunizungusha. Kila nikimtajia Mama, ananitajia bia. Tukaenda kwenye baa iliyo jirani na abasia ya watawa wanaopika dubeli na tripeli. Nikaagiza dubeli. Mhudumu akarudi mikono mitupu, akasema bia ipo ila glasi zake zote zinatumika.

"Niletee kwenye glasi nyingine," nikasema, Deo akitafsiri.

Hapana. Kila bia ina glasi yake, yenye jina lake, na bila hiyo haimiminwi.

"Mwambie hata kikombe cha plastiki."

Deo akakataa kutafsiri. Nikamwonyesha mwenyewe kwa vidole, mhudumu akanitazama kama nimemwomba animiminie kwenye kiatu. Tukangoja mtu wa meza ya pili amalize ya kwake, na yule bwana alikuwa anainywa kwa matone, huku anasoma kitabu. Nikamkazia macho mpaka akageuza kiti. Njaa yangu wakaituliza kwa vipande vya jibini baridi na haradali. Chakula cha mtu mzima eti ni jibini na haradali.

Glasi ilipokuja hatimaye, ikawa na harufu ya ndizi zilizoiva sana na ladha ya sukari guru na zabibu kavu. Nikafumba macho. Nikajisemea, sasa hivi, moyo wake umelainika. Nikatoa jani juu ya meza.

"Pokea, braza. Ukilipokea nakunywa kwa amani."

Akainyakua sahani ya jibini kwa mkono uliokuwa mtupu, akamwita mhudumu alete tripeli.

Ghala la lambiki

Siku iliyofuata tukaenda bondeni kwenye ghala la mapipa. Mwenyeji alikuwa mzee mnene mwenye aproni, na mahali pake pana utando wa buibui kila kona, hausafishwi, anasema buibui wanakula nzi. Juu, chini ya paa, kuna sinia la shaba pana kama chumba changu. Wanapika supu ya ngano na kimea, wanaimwaga mle, wanafungua madirisha ya paa na kwenda kulala. Hamira inakuja yenyewe na upepo. Kisha pipa, mwaka, miaka miwili, mitatu.

Nikaonja. Uchachu wa ukwaju, na nyuma yake harufu ya blanketi la punda. Mzee akangoja nisifie. Nikasema ni nzuri, na aibu yangu ni kwamba kufika glasi ya pili ikawa nzuri kweli.

Alipotuacha peke yetu kati ya mapipa nikamvaa Deo.

"Weka hiyo glasi chini."

"Siri, hii bia imekaa miaka mitatu, huwezi..."

"Weka chini. Mama anazeeka. Macho yanakwenda. Nimebeba jani lile kama yai, nimegombana na mzee wa Kongo kwa ajili yake. Wewe unajificha nyuma ya vyombo?"

Hakuiweka. "Hukuwepo siku ile," akasema.

"Nilikuwepo. Nilibeba viti."

"Basi uliona alivyomfanyia mke wangu mbele ya watu wote."

"Na sasa anaomba radhi. Unataka nini zaidi?"

Akazungusha glasi. "Nikilishika limekwisha," akasema. "Na mie sitaki liishe. Nikiacha hasira hii, sijui nitakuwa na nini na Mama."

Hapo ndipo nilipokasirika kabisa. Hasira ya aliyedhulumiwa naielewa. Lakini huyu aliifuga, anailisha, kama yule mzee na mapipa yake. Nikatoka nje nikasimama kwenye mvua nyembamba isiyo na adabu, mpaka aliponipigia honi.

Jikoni kwa Hilde

Shemeji yangu Hilde ni mtu wa taratibu. Kiswahili anakijua, anakisema neno kwa neno kama anayevuka mto kwa mawe. Kwenye upishi wa bia ndiye bingwa wa nyumba, Deo ni mpiga mdomo tu. Nilikuwa nimemletea viungo kutoka sokoni Kariakoo: iliki, giligilani, na maganda ya machungwa ambayo mke wangu aliyakausha juu ya bati. Alifurahi, akavipanga kwenye rafu karibu na jiko. Naye siku hiyo alikuwa anapika bia nyeupe.

Kwa kuwa Deo hapokei mkononi, nikapata wazo. Mezani nimekatazwa, lakini rafu si meza. Nikalisimamisha jani kwenye glasi palepale kati ya viungo, ili kila akiingia jikoni limtazame usoni. Kisha nikatoka naye kununua mikate. Naomba msicheke.

Tuliporudi, nyumba nzima inanukia. Hilde yuko mbele ya sufuria kubwa, uso mwekundu kwa mvuke, mkononi mkasi. Glasi tupu.

"Shemeji," akaniambia kwa furaha, "hili jani lako nimelikata ndogondogo kama mchicha. Ni chungu vizuri."

Nikachungulia. Samahani ya mama yangu ilikuwa inazunguka kwenye povu pamoja na maganda ya machungwa.

Sijui nilisema nini. Najua nilisema kwa sauti, kwa Kichaga, na jirani wa ghorofa ya juu aligonga sakafu. Hilde akazima moto, akakaa, akauliza amekosa nini. Ndipo nikagundua hajui chochote. Deo hakuwahi kumweleza kuwa kuna isale duniani. Hakumwambia hata kwamba nimekuja na ujumbe wa Mama. Siku zote zile alidhani mie na kaka yangu tunabishana habari za bia.

Nikamweleza yote. Akasikiliza mikono iko kwenye aproni.

"Kwa nini mama hakunywa siku ile?" akauliza. "Mimi nilifikiri ni ngozi yangu."

Basi nikamwambia alichonieleza Mama garini tukielekea uwanjani, kitu ambacho hakuwahi kukitamka kabla. Kwetu mtu hampi mwenzake pombe bila kuionja yeye mwanzo. Unaonja, anakuona umeonja, ndipo unampa, ajue hakuna sumu wala hila. Hilde alimpa bila kuonja. Mama akaona huyu mgeni anamdharau mbele ya ukoo. Ilimchukua muda mrefu kujiuliza kama kuna aliyemfundisha, na alipojiuliza, akapata jibu kwamba hakuna.

Hilde akageuka kumtazama mumewe, aliyekuwa bado mlangoni na mikate kifuani.

"Wewe ulijua? Kuonja?"

Deo akasema, "Nilisahau kukuambia. Watu walikuwa wengi."

"Siku ile ulisahau. Na jana? Na mwaka jana?"

 Deo akaweka mikate chini. Kwa mara ya kwanza tangu nifike, mikono yake ilikuwa mitupu, na sikuwa na cha kumpa.

"Imwageni hiyo," nikasema.

"Hatumwagi," Hilde akasema, akawasha moto upya. Hakumsemesha mumewe mpaka siku mbili baadaye, na hata hapo ilikuwa ni kumwagiza chumvi.

Bia ikachachuka, ikatiwa kwenye chupa na sukari kidogo ili imalizie humo. Likizo yangu ilipokwisha akanipa moja, kaifunga kwenye soksi za sufu. "Ya mama," akasema. "Ukifika unipigie. Usimwachie Deo." Deo alinisindikiza stesheni mikono iko mfukoni. 

Kipawa mpaka Chamazi

Mnadhani nikishatua shida imekwisha. Mvua ilikuwa imenyesha, barabara imekuwa mto, dereva akanishusha Kipawa akasema haendi popote. Nikaenda kwa baba mdogo, na mnajua kwa baba mdogo, huingii ukatoka hujala. Ndizi nyama sahani imejaa, nikala kwa shukrani, kitu cha kwanza chenye chumvi ya kueleweka tangu niondoke. Lakini mzee jicho liko kwenye soksi.

"Mgeni njoo mwenyeji apone," akasema. "Toa hiyo tuonje."

"Baba, shikamoo tena, hii siyo yangu."

"Bia ya Ulaya unamfichia mzee?"

Akaenda kutafuta kifungulio. Nikabeba begi nikatoka nikiwa na mnofu mdomoni, na sasa ananisema kwa ukoo mzima kwamba Ulaya imeniharibu. Aseme.

Kufika Chamazi, mechi imekwisha uwanjani, njia nzima mashabiki na mavuvuzela. Mmoja aliyevaa jezi akanikumbatia kwa nguvu, chupa ikagonga chuma cha mkanda wake, nikamtukana tusi ambalo sikuwahi kulitumia tangu jandoni. Haikuvunjika. Nikatembea kilichobaki nimeikumbatia.

Mama alikuwa ukumbini kajifunga khanga, kasuka. Alikuwa anangoja neno moja tu.

"Amelipokea?"

Nikamwambia yote, bila kupamba. Nilipofika kwenye mkasi alifumba macho. Nilipofika kwenye "nilifikiri ni ngozi yangu" aliyafumbua, akaegemea ukuta. Nilidhani ananikasirikia. Nilikuwa tayari kabisa kukasirika naye pia, mjumbe hauawi.

"Mpigie huyo binti," akasema.

Hilde akatokea kwenye simu, kaketi mezani kwake, mbele yake chupa ya mpiko uleule na glasi. Hakusalimia. Alimimina, akainua glasi tumwone vizuri, akanywa funda, akameza, akangoja kidogo. Kisha akainyoosha glasi kwa mikono miwili kuelekea kwenye kioo cha simu.

"Sasa wewe, mama," akasema.

Nikamfungulia Mama ya kwake. Povu likapanda, nikamimina taratibu, nikamwambia mashapo ya chini yanaachwa. Akanipokonya chupa, akamimina mpaka mashapo. Akanywa. Uso ulikunjamana kwa ule uchungu wa isale, na aliutambua, niliona alivyoutambua. Akanywa mpaka nusu ya glasi bila kuitoa mdomoni, machozi yanamtoka na hayafuti.

"Nilikukosea, mwanangu," akamwambia Hilde. "Hukufundishwa. Mie nilikuwa mkubwa, ningekufundisha."

Hilde akaitikia kwa kichwa. Mie nilikuwa nimeshika simu, mkono unaniuma, na hakuna hata mmoja wao aliyekumbuka kwamba nipo.

"Yuko wapi yule mwingine?" Mama akauliza.

Simu ya kule ikazunguka, dari, mlango, rafu ya viungo. Uso wa Deo ukajaa kwenye kioo. Akaitazama glasi ya Mama, akainamisha kichwa. Mie damu inachemka, nataka kumpigia kelele, umekwenda shule ya nini wewe, sema. Nikauma meno.

"Shikamoo, Mama," akasema, kwa sauti ya mtoto.

Mama hakujibu. Aliinua glasi yake, akaendelea kunywa pale alipoachia, funda kwa funda, bila haraka yoyote, na mwanawe anamtazama. Akamaliza. Akafuta midomo kwa pindo la khanga. Akaiweka glasi sakafuni kando ya mguu wake.

"Marahaba," akasema.